Sofa la Kupimia Wazee

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, misuli ya wazee itakuwa chini ya uangalizi wa serikali. Mzee yeyote mwenye miaka sitini na kuendelea haruhusiwi kuipunguza, kuihamisha wala kuiacha ikakonda bila kibali.

Tangazo hilo nililibandika mimi mwenyewe kwenye mlango wa ofisi yetu. Ni mlango wa mapande mawili, na nililibandika katikati ili lipendeze. Mtu akafungua kutoka ndani, likachanika katikati. Tangu siku hiyo, wazee waliosoma pande la kushoto walijua kuna jambo linaanza Jumatatu, na waliosoma pande la kulia walijua kuna jambo halina kibali. Wote walikuja.

Ofisi inaitwa Kurugenzi ya Uhifadhi wa Misuli kwa Watu Wazima Waliotangulia. Mimi ni Mshika Saa Daraja la Pili. Mshika Saa Daraja la Kwanza hajawahi kuajiriwa, lakini siwezi kupanda cheo mpaka yeye astaafu. Sina haraka. Saa ninayoshika ni ya serikali, ina kamba ya kuvaa shingoni, na ukibonyeza inalia tii.

Mambo yote yalianza na daktari mmoja wa lishe, mwanamke mpole, amevaa viatu vya chini, ambaye alikuja kumwona Mkurugenzi akiwa na karatasi moja. Akaeleza kwamba mtu akishazeeka misuli inapungua kidogo kidogo, na mafuta yanahamia palepale ilipokuwa. Mizani haisemi kitu. Kilo zilezile, nguvu hakuna. Siku moja mzee anashindwa kuinuka chooni ndipo watu wanashtuka. Dawa yake, akasema, ni mzee ale chakula cha kujenga mwili kila mlo, yai, maharage, maziwa, samaki, chochote kilichopo, halafu asimame na kukaa kwenye kiti mara kumi asubuhi na mara kumi jioni.

"Basi?" Mkurugenzi akauliza.

"Basi," daktari akasema.

"Karatasi moja?"

"Upande mmoja, mkuu. Nyuma hakuna kitu."

Mkurugenzi alimshukuru, akamsindikiza kwa macho mpaka mlangoni. Yeye kusindikiza kwa miguu aliacha zamani. Halafu akatugeukia kwa masikitiko.

"Karatasi moja," alisema, "haiwezi kuombewa gari."

Kwa hiyo tuliandika Kanuni, kurasa mia moja na kumi na nne. Ile karatasi ya daktari niliipeleka nyumbani kwa bibi, kwa sababu nyuma ilikuwa nyeupe na bibi huwa anatafuta karatasi za kukatia mifano ya kola kabla hajagusa kitambaa.

Bibi yangu ni fundi cherehani. Ana kibanda nyuma ya soko, namba tisa, na cherehani ya kukanyaga kwa miguu ambayo ni kubwa kuliko mimi kwa umri na kwa tabia. Bibi ana miaka sabini na nne. Ndiye aliyenilea. Tangu babu atutoke alikuwa anaishi kwa chai na mkate. Mchana mkate na chai, ili kubadilisha. Mimi nakula kantini, na nilipomuuliza mbona hapiki, alinijibu, "Kupikia mdomo mmoja ni kuisumbua sufuria." Pete yake ya ndoa alikuwa ameizungushia uzi mweupe ili isidondoke kwenye vitambaa vya watu. Mimi kama mtaalamu wa misuli niliuona ule uzi kila siku, nikaona unapendeza.

Sasa, upimaji. Dunia nzima inajua kwamba nguvu za mapaja zinapimwa kwa kiti. Mzee anakaa, anakunja mikono kifuani, halafu tunahesabu anasimama mara ngapi kwa sekunde thelathini. Mara nane na kuendelea, ana misuli timamu. Chini ya hapo, ana upungufu.

Lakini Mkurugenzi aliletewa kiti cha mbao akakikataa palepale.

"Mzee wa watu tumkalishe kwenye ubao? Sisi tumelelewa wapi?"

Likanunuliwa sofa. Sofa la heshima, la kijani, lenye sponji nene kiasi kwamba lilipoingizwa mlangoni wabebaji wawili walipotea upande wa pili wakawa wanaitana. Ukilikalia, linafikiri kwanza. Halafu linakushusha taratibu mpaka magoti yanafika usawa wa masikio.

Na kwa heshima hiyohiyo, Ibara ya 41 ikasema: Upimaji utaanza kwa salamu. Mimi ni mtu wa kanuni. Nikisema shikamoo, nabonyeza saa.

Wa kwanza kupimwa alikuwa Mzee Gunia, mpagazi wa soko. Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu, na lifti ni ya mafaili, kwa hiyo alipanda ngazi. Alipanda akiwa amembeba mgongoni jirani yake, ambaye naye alikuwa anatakiwa kupimwa ila goti linamsumbua. Akamtua kwenye benchi kama anatua pamba, akaja kwenye sofa, akazama.

"Shikamoo, mzee." Tii.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Nyumbani?"

"Wazima."

"Na yule mama yako mdogo aliyeanguka na ndoo?"

"Ameshapona, mzee. Sasa naomba usimame."

"Nisimame? Nimekosa nini?"

Tii. Sekunde thelathini. Sifuri. Aliyebebwa naye akapimwa, akapata sifuri. Hapo ndipo niliamini kwamba kipimo chetu hakina upendeleo.

Ndani ya wiki mbili tulipima wazee mia tatu na kumi na wawili. Sifuri mia tatu na kumi na mbili. Mkurugenzi aliposoma ripoti, alipangusa macho.

"Hili sasa ni janga," alisema kwa furaha. "Hili linaombewa hata magari mawili."

Sasa kuna Ibara ya 73, ambayo ni ya huruma. Inasema mzee mwenye upungufu asiendelee kuteseka na kazi. Ufunguo wa mahali pake pa kazi unachukuliwa, na utashikwa na mtu aliyepimwa akapata alama nane au zaidi, ambaye atahesabiwa kuwa afisa wa Kurugenzi mpaka mwenye ufunguo atakaposhinda rufaa. Aliyeandika ibara hiyo alijua hao watu wa alama nane ni sisi. Bahati mbaya, kila afisa tuliyemwita apimwe alikuwa kikaoni. Kwa hiyo funguo zikatundikwa kwenye ubao wenye misumari, karibu na dirisha, zikawa zinalia upepo ukipita.

Bibi alikuja siku ya tatu. Nilimpima mimi mwenyewe, kwa sababu kazi ni kazi.

Sofa lilimpokea mwili wote. Miguu ikaning'inia. Akatazama huku na huku.

"Mjukuu wangu, hili ni sofa au kisima?"

"Shikamoo, bibi." Tii.

"Marahaba. Kwani asubuhi hatujasalimiana?"

"Tumesalimiana, bibi."

"Umekula?"

"Nimekula. Simama, bibi."

"Mbona hunipi mkono?"

"Hairuhusiwi."

"Hairuhusiwi kumpa bibi yako mkono?"

Tii. Nikaandika sifuri kwa mwandiko mzuri. Ufunguo wa namba tisa ukatundikwa msumari wa kumi na saba. Ndani ya kibanda zilibaki sare za shule thelathini na moja, zimekatwa lakini hazijashonwa, na shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya wiki saba.

"Wale watoto wataenda uchi?" bibi akauliza.

Nikamwambia watoto hawako chini ya Kurugenzi yetu.

Jioni ile nilimkuta amekaa kwenye kistuli chake cha mbao, ambacho si sofa na hakina ujanja wowote. Akakunja mikono kifuani. Akasimama mara moja, mara mbili, mara tatu. Ya nne alifika nusu, akarudi chini puu, akabaki anaangalia magoti yake kama anaangalia wageni.

"Kumbe hata bila sofa lenu," alisema polepole.

Hapo ndipo alipoigeuza ile karatasi ya daktari. Alikuwa ameshaikata kola, kwa hiyo katikati hapakuwa na kitu. Yalibaki maneno ya pembeni tu: yai, maharage, maziwa, samaki, simama, kaa, mara kumi. Akasoma mara mbili. Akaiweka sufuria jikoni.

"Leo unaisumbua, bibi?" nikauliza.

"Nyamaza, ukaninunulie mayai."

Kesho yake akakata rufaa. Rufaa yetu ni nyepesi. Mzee anatakiwa akae koridoni kwetu kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa, siku zote za kazi, kwa wiki sita. Akikosa siku moja, anaanza upya. Koridoni hatuna sofa, bajeti iliishia kwenye lile moja. Kuna mabenchi ya mbao. Na ukutani kuna Ibara ya 88: Afisa akipita, waliokaa wasimame.

Hii ya 88 ndiyo iliyomuuma bibi kuliko zote. Mara ya kwanza Mkurugenzi alipopita, wazee kumi na tano wakainuka wakiugulia, huku wanashikana mabega. Bibi alibaki amekaa.

"Mama, hujaona tangazo?" Mkurugenzi akamuuliza.

"Nimeliona, mwanangu. Ila wewe nimekushonea kaptula. Nikusimamie?"

"Mimi?"

"Ya darasa la kwanza. Ulilia kwa sababu haikuwa na mfuko wa nyuma."

Mkurugenzi alicheka kicheko cha kiofisi, akaniangalia, nami nikaangalia saa. Bibi akaona ninavyoishikilia saa yangu shingoni. Akashika benchi, akasimama. "Nasimama kwa ajili ya huyu," alisema, akinionyesha kwa kidevu. "Asije akakosa kazi."

Naomba nieleze jiografia. Chumba cha chai kiko mwisho wa korido, ng'ambo ya mabenchi. Maafisa tuko kumi na wanne. Afisa wa kawaida anakwenda kunywa chai mara mbili, na mara moja kuangalia kama chai imeisha. Ukijumlisha na kurudi, na ukitoa wanaolala huko hukohuko, wazee walikuwa wanasimama na kukaa mara hamsini kwa siku. Nilihesabu kwa saa ya serikali.

Wiki ya kwanza waliugulia. Wiki ya pili walilalamika, ambayo ni hatua. Wiki ya tatu akatokea Mama Mayai, mwenye beseni la mayai ya kuchemsha na chumvi kwenye karatasi, akagundua kwamba watu wanaosimama mara hamsini wanasikia njaa. Mzee Gunia akaanza kuja na chupa ya chai ambayo ndani yake hakuna chai, ni maharage. Bibi akaleta samaki wa kukaanga na maziwa, na akaleta daftari lake la vipimo, kwa sababu wateja walimfuata koridoni. Akawa anawapima kwa futi, anaandika, huku anasimama na kukaa bila hata kuangalia nani anapita.

Wiki ya tano afisa akitokea, benchi zima linapanda kwa pamoja, chaa! Maafisa wengine walianza kuogopa, wakawa wanakwenda chai kwa kunyatia. Haikusaidia.

"Unanyata nini?" Mzee Gunia anamuuliza afisa. "Pita vizuri, tusimame."

Uzi kwenye pete ya bibi ulitolewa siku moja, sikuona lini.

Wiki ya sita ndiyo ilikuwa ya uzinduzi rasmi. Mheshimiwa mwenyewe, Waziri wetu, alikuja pamoja na watu wake wa kumfungulia milango. Sofa lilifunikwa kitambaa, likafunuliwa, watu wakalipigia makofi. Mkurugenzi akatangaza kwamba sasa tutashuhudia jinsi mzee anavyoshindwa kisayansi. Rufaa ya kwanza kwenye orodha ilikuwa ya bibi.

Bibi hakuzama. Mtu ambaye ameshona maisha yake yote anajua sponji ilipo na mbao ilipo. Alipapasa ukingo wa mbele kwa kiganja, akakaa palepale penye mbao, akakunja mikono.

"Shikamoo, bibi." Tii.

"Marahaba. Mengine tutaulizana nyumbani." Akasimama. Akakaa. Akasimama.

Nilihesabu kwa sauti. Sita. Saba. Nane! Wazee mlangoni wakaanza kuhesabu na mimi. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Tii.

Mheshimiwa alipiga makofi. "Mkurugenzi, hii ni kazi yako?"

Mkurugenzi alikuwa mtu wa kufikiri haraka. "Ni matunda ya sofa, Mheshimiwa," akasema. "Sofa limemjenga."

"Ajabu! Hebu na wewe tuonyeshe."

Hapa nieleze kwamba Mkurugenzi wetu anajivunia uzito wake. Ofisini tuna mizani, na kila mwezi akipanda kilo anaandika kwenye ubao: Afya Imeongezeka. Kwa hiyo alikaa bila wasiwasi. Sofa likafikiri. Likamshusha. Likaendelea kumshusha. Tai yake ikabaki juu ya tumbo kama kijiti juu ya kilima.

Akakunja mikono. Akavuta pumzi. Hakuna kilichotokea. Akavuta pumzi nyingine, ndefu zaidi, na kiatu kimoja kikatoka.

"Hii haihesabiki," alisema kutoka chini. "Kanuni ni ya miaka sitini na kuendelea. Mimi nina hamsini na saba. Nimebakiza mitatu kustaafu."

"Kweli," Mheshimiwa akasema, "kanuni ni kanuni."

Bibi akafungua daftari lake. Si hili jipya, ni lile la zamani lenye jalada la nguo, ambalo alirithi pamoja na cherehani.

"Kaptula, darasa la kwanza," alisoma. "Umri miaka saba. Kiuno inchi ishirini. Tarehe hii hapa. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa ufundi, nilikuwa na miaka kumi na minane." Akatuangalia. "Leo nina sabini na nne. Kuna mtu wa hesabu hapa?"

Mheshimiwa alihesabu kwa vidole. Akaomba vidole vya msaidizi wake. "Sitini na tatu," akasema.

"Kuna kosa la uandishi," Mkurugenzi akasema kutoka kisimani.

"Mwanangu, nimekushonea kila mwaka." Bibi akageuza kurasa. "Suti ya harusi, kiuno thelathini na moja, paja ishirini na tatu. Suti ya cheo, kiuno thelathini na nane, paja ishirini na moja. Suti hii uliyovaa, kiuno arobaini na sita, paja kumi na tisa. Nilikwambia siku ile, suruali yako nabana chini naachia juu. Ukasema unanenepa kwa baraka. Hizo baraka zote ziko tumboni, miguu imebaki yatima."

Sikumbuki nani alicheka kwanza. Nadhani ni dereva wa Mheshimiwa.

Mheshimiwa akanigeukia. "Mshika saa, endelea na kazi yako."

Nilisogea mbele ya sofa. Miaka yote hiyo nilikuwa namwita mkuu. Lakini mimi ni mtu wa kanuni.

"Shikamoo, mzee." Tii.

"Usiniite mzee!" akasema, akaendelea kwa sekunde ishirini na nane nyingine, akinikumbusha nani aliniajiri. Tii.

Sifuri. Niliandika kwa mwandiko mzuri.

Mtu mmoja akamkaribisha Mheshimiwa, naye ana sitini na minane, akae kidogo apumzike. Mheshimiwa aliliangalia lile sofa, akasema hapana, asante, leo anapenda kusimama. Alisimama saa tatu nzima, hata wakati wa kula. Tunasikia mpaka leo anaendesha vikao vyote akiwa amesimama, na vimekuwa vifupi sana.

Mkurugenzi alitolewa sofani na bibi na Mzee Gunia, mkono mmoja kila mtu. Bibi akamvisha kiatu. Halafu akanyoosha kiganja, na ufunguo wa ofisi ya Mkurugenzi ukakabidhiwa kwa mujibu wa Ibara ya 73. Ufunguo wa namba tisa aliuchukua mwenyewe kutoka msumari wa kumi na saba. Jioni ile ile cherehani ililia mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini, na shule zilipofunguliwa watoto thelathini na mmoja walikwenda wamevaa. Wazee wengine wote walipimwa siku iliyofuata, wakakaa kwenye mbao kama walivyofundishwa, wakaacha kuulizia mama yangu mdogo, wakapita. Ubao wa misumari sasa una ufunguo mmoja tu, wa gari ambalo halijafika.

Mkurugenzi amekata rufaa. Anakuja saa mbili, anakaa kwenye benchi la mbao mpaka saa tisa. Nimempa ile karatasi ya daktari, yenye tundu la kola. Mama Mayai anamuuzia mawili asubuhi, mawili mchana, na anasema ameanza kuomba chumvi kidogo.

Bibi, ambaye kwa kanuni ni afisa mwenzangu, anapitia ofisini kila siku kabla hajaenda kibandani. Anapita koridoni kwenda chumba cha chai, Mkurugenzi anasimama. Anarudi, Mkurugenzi anasimama. Anakumbuka amesahau kijiko.

"Mama, nionee huruma," Mkurugenzi alimwambia juzi, akihema.

"Nakuonea, mwanangu. Ndiyo maana nimesahau na kikombe."

Jana bibi alikwenda kunywa chai mara kumi na saba, na siku hizi wala chai haipendi.